MTO ULIOFICHWA CHINI YA ARDHI

Mtoto msomaji, siku moja ukiwa ufukoni pale Baraka, fanya jambo hili. Toka ukingoni mwa ziwa, hesabu hatua tano kwenda nchi kavu, kisha piga magoti uchimbe mchanga kwa mikono yako. Kwanza utapata mchanga mkavu. Halafu utapata mchanga wenye ubaridi. Ukizidi kuchimba, utaona maji yanatoka pembeni polepole na kukusanyika chini ya shimo. Hakuna mtu aliyeyamwaga hapo. Yalikuwamo kati ya chembe za mchanga, nawe umeyafungulia mlango tu.

Milimani pia mambo ni hayo hayo. Mvua inyeshapo juu ya Fizi, maji mengine hukimbia juu ya ardhi, huingia katika mto Mutambala na mito mingine, na mwisho hufika ziwani. Maji mengine hunywewa na udongo. Hushuka chini, chini, mpaka yakutane na mwamba au udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Hapo hukaa, au husafiri polepole kwa kufuata mteremko. Yakipata tundu kando ya mlima hutoka nje, nasi twasema: Hapa pana chemchemi.

Sasa nawauliza. Kama mahali hapana ziwa, wala mto, wala chemchemi, lakini maji yamelala chini ya ardhi, watu wafanyeje? Mtajibu: Wachimbe kisima, wateke kwa ndoo. Vema. Ndoo yatosha kwa kunywa na kupika. Lakini je, yatosha kunywesha shamba? Mtu mwenye miti mia moja atateka ndoo ngapi kila juma? Mgongo wake utachoka kabla shamba halijalowa.

Katika nchi kavu watu wa kale walipata jibu jingine. Hawakuyavuta maji kuja juu. Waliyachimbia njia ili yatoke yenyewe.

1. Nchi ya Omani

Omani ni nchi ya Waarabu, ng'ambo ya bahari, kwenye pembe ya mashariki ya Uarabuni. Watu wake hawakosi katika habari zetu za kale. Katika karne ya 19 Sultani wa Omani alihamia Unguja. Wafanya biashara kutoka pwani walipita Tabora na Ujiji, wakavuka ziwa letu la Tanganyika kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Biashara ile ya watu iliumiza sana nchi zetu, wala tusiisahau. Lakini kwa njia zile zile lugha ya Kiswahili ilifika huku, nayo ndiyo unayoisoma sasa. Hata leo mjini Maskati wako watu wanaosema Kiswahili nyumbani mwao, kwa sababu wazee wao walikaa Unguja, au Kenya, au Burundi, au hapa Kongo, kisha wakarudi Omani, wengi wao baada ya mwaka 1970.

Huku kwetu mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka. Omani sivyo. Mahali pengi huko, mvua ya mwaka mzima ikikusanywa chomboni, kimo chake ni kama sentimita 10 tu, yaani upana wa kiganja cha mkono. Wakati wa joto kali hewa hupita digrii 45. Mito yao ni makorongo makavu yenye mawe. Hupata maji siku chache baada ya mvua, kisha hukauka tena.

Lakini katika nchi hiyo kavu kuna vijiji vyenye mashamba ya kijani kibichi. Hapo husimama mitende, mti wa jamaa moja na mchikichi wetu, nayo huzaa tende tamu. Chini ya mitende hupandwa ndimu, vitunguu, ngano na majani ya kulisha mifugo. Maji yatoka wapi? Yatoka milimani. Milima ya Hajari hupata mvua zaidi kidogo kuliko nchi tambarare. Maji hayo huzama katika changarawe chini ya milima. Watu waliyafuata huko, wakayachimbia mifereji chini ya ardhi. Mfereji wa namna hiyo huitwa falaji.

2. Jinsi ya kuchimba falaji

Kwanza, mzee mwenye ujuzi huenda chini ya mlima. Hutazama mahali ambapo miti midogo hubaki na majani mabichi wakati mingine imekauka. Hapo huchimba kisima cha kujaribia. Akipata maji huyateka, kisha hungoja aone kama yanarudi upesi. Yakirudi vizuri, kisima hicho huitwa mama wa falaji. Kina chake huweza kuwa mita 20 au zaidi.

Pili, hupima mteremko. Kijiji kipo mbali, pengine kilometa 3, pengine 5 au zaidi, nacho kipo chini kuliko mahali pa kisima mama. Mfereji lazima ushuke, lakini kwa kiasi kidogo sana: kama mita 1 au 2 katika mwendo wa mita 1,000. Ukishuka kwa ukali, maji yatakimbia na kula kuta mpaka zianguke. Usiposhuka, maji yatasimama, na matope yatauziba.

Tatu, huanza kuchimba. Je, waanzie wapi? Wengi wenu mtasema: Waanzie kwenye kisima mama. La! Wakianzia huko, maji yatawafuata na kuwajaa miguuni mpaka shingoni. Huanzia kijijini, mahali ambapo maji yatatokea, nao huchimba kuuelekea mlima. Wakifika penye udongo wa maji, maji hupita kati ya miguu yao na kutoka nje nyuma yao. Basi mchimbaji hubaki salama.

Nne, huchimba mashimo ya kushukia. Juu ya mfereji, kila baada ya mita 20 au 30 au zaidi, hutobolewa shimo la wima. Kwa shimo hilo udongo hupandishwa kwa kikapu na kamba, na hewa safi huingia. Baadaye watu hushukia hapo kuusafisha mfereji. Udongo uliotolewa hurundikwa kuzunguka mdomo wa shimo ili maji ya gharika yasiingie na kuleta matope. Mtu akitazama kutoka juu ya mlima, huona mstari wa marundo kama vichuguu vya mchwa, toka mlimani hadi kijijini. Hivyo hujua kwamba chini yake unapita mto.

Ndani ya mfereji ni giza. Nafasi ni ya mtu mmoja, naye huenda ameinama. Ajuaje kama anachimba sawasawa? Wachimbaji wa Uajemi, ndiyo Irani ya leo, huweka taa mbili nyuma yao katika mstari mmoja. Mchimbaji hugeuka na kutazama. Akiona mwali mmoja unauficha mwingine, njia yake imenyoka. Akiona miali yote miwili, amepotoka. Tena taa humwonya. Ikififia na kuzimika, hewa imekuwa mbaya, naye hutoka upesi. Penye udongo laini huingizwa pete kubwa za udongo uliochomwa ili dari isimwangukie. Huko Omani kazi hii ilijulikana sana kwa watu wa kabila la Awamir. Mtoto alijifunza kwa baba yake.

Tena kuna faida nyingine ya kupitisha maji chini. Jua haliyafikii. Mfereji ulio wazi katika joto la namna ile hupoteza maji mengi hewani. Mfereji uliofichwa huyalinda mpaka yafike.

3. Nani aliyeanza?

Waarabu wa Omani husimulia hadithi hii. Mfalme Sulemani mwana wa Daudi alipita katika nchi yao akaiona ni kavu. Akaamuru majini yake yachimbe mifereji 1,000 kila siku, kwa siku 10. Kwa hiyo mfereji unaotoka katika kisima mama huitwa falaji ya Daudi hata leo.

Hiyo ni hadithi. Kweli yenyewe ni kwamba falaji zilichimbwa na mikono ya watu, kwa sururu, kikapu na kamba. Uajemi mifereji ya namna hii imekuwako kwa zaidi ya miaka 2,000. Karibu na mwaka 1017 mwana hesabu mmoja wa huko, jina lake Al-Karaji, aliandika kitabu cha kufundisha jinsi ya kutafuta maji yaliyofichika na kupima mteremko wa mifereji. Huko Omani ziko falaji zipatazo 3,000 ambazo bado hutoa maji. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliandika tano kati yake katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Mojawapo ni falaji Daris ya mji wa Nizwa. Mwaka 2016 mifereji 11 ya Uajemi iliandikwa vilevile.

Watu wa Afrika ya Mashariki nao wana ujuzi wa maji. Wachagga wa mlima Kilimanjaro walichimba mifereji waiitayo mifongo, nayo huleta maji ya mlima katika migomba yao. Wamarakweti wa Kenya walifanya hivyo katika bonde la Kerio. Mifereji yao hupita juu ya ardhi, kwa kuwa kwao kuna vijito vya kufungulia. Kila watu walitazama nchi yao kwanza, kisha wakachimba.

4. Maji yapita chini ya korongo

Mara nyingine falaji hukuta korongo mbele yake. Ikipita katikati ya korongo, mafuriko yataivunja. Wajenzi hufanya hivi. Upande huu hujenga kisima cha mawe, na maji huangukia ndani. Chini ya korongo hupitisha bomba la mawe lililozibwa vizuri. Upande wa pili hujenga kisima kingine, kifupi kidogo kuliko cha kwanza. Maji hushuka, hupita chini, kisha hupanda yenyewe upande wa pili na kuendelea na safari.

Usistaajabu. Chukua kipande cha mpira wa kupitishia maji, ukikunje kama herufi U, umimine maji upande mmoja. Utaona yanapanda upande wa pili mpaka vimo viwe sawa. Sasa teremsha mdomo wa pili kidogo. Maji yatamwagika hapo.

5. Kugawa maji

Kuchimba ni kazi kubwa, lakini kuna kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ni kugawa. Maji ni kidogo, wenye mashamba ni wengi. Wafanyeje wasipigane?

Maji yanapotoka katika giza na kuona jua, mahali pa kwanza ni pa kuteka ya kunywa. Hapo kila mtu huteka bure, maskini, tajiri na mgeni. Hakuna aruhusiwaye kuosha kitu hapo. Mbele kidogo ni mahali pa kuogea, wanaume mbali na wanawake mbali. Baada ya hapo ndipo maji huenda mashambani. Angalieni utaratibu huo: ya kunywa kwanza, ya kuoga baadaye, ya shamba mwisho. Mtu hanywi maji ambayo mwenzake ameyaogea.

Mashambani maji hugawanywa kwa saa, kwa zamu. Fungu moja huitwa athari, nalo ni kama nusu saa. Basi usiku na mchana pamoja ni mafungu 48. Mwenye mafungu mawili hupata mto mzima kwa muda wa saa moja. Wakati wake ukiisha, hufunga mlango wa mfereji wake kwa jiwe na matambara, na jirani hufungua wake. Zamu huzunguka kwa siku 7, au 10, au zaidi, kisha huanza tena.

Zamani hawakuwa na saa za mkono. Mchana walisimika mti wima mahali peupe, wakapanga mawe chini. Kivuli kilipofika kwenye jiwe fulani, zamu ya mtu fulani ilianza. Usiku walitazama nyota. Kila nyota ilikuwa na jina na wakati wake. Ilipochomoza juu ya mlima, mtu aliyekuwa akingoja alifungua mlango wake. Mzee mmoja aliyejua mambo hayo alisimamia zamu, na mkubwa wa falaji, aitwaye wakili, aliamua magomvi.

Tena mafungu mengine ya maji hayakuwa ya mtu. Yalikuwa ya falaji yenyewe. Yaliuzwa kwa mnada, na pesa zake zilitunzwa kwa ajili ya kuzibua matope na kujenga ukuta ulioanguka. Kwa hiyo falaji hujilipia matengenezo yake.

Na mwaka wa ukame? Mitende hupewa maji kwanza, kwa sababu mtende ukifa hupita miaka mingi kabla mwingine haujazaa. Mashamba ya ngano na vitunguu hupunguzwa, maana mwaka ujao yaweza kupandwa tena.

6. Mashine ilipokuja

Baadaye zilikuja mashine za kuvuta maji. Mtu mwenye pesa alichimba kisima kirefu, akatia mashine, akapata maji mengi siku ile ile, bila zamu na bila kuwangoja jirani zake. Watu wengi walifurahi.

Lakini fikirini. Falaji hupokea tu maji yanayoifikia. Mvua ikipungua, nayo hupungua. Haiwezi kuvuta zaidi ya hayo. Mashine huvuta usiku na mchana, hata pale ambapo mvua haijarudisha kilichotolewa. Maji ya chini ya ardhi yakashuka. Yaliposhuka chini ya kisima mama, falaji ilikauka, na mitende ya watu wengi ikafa, ili shamba la mmoja listawi. Halafu na kisima cha yule mmoja kikaanza kukauka. Hivyo falaji nyingi zilikufa, Omani na Irani pia. Kwa ajili hiyo serikali ya Omani ilikataza kuchimba visima vipya karibu na kisima mama.

7. Na sisi?

Mtasema: Sisi tuna ziwa kubwa, tuna mito, habari za falaji zatuhusu nini? Ngojeni niwasimulie.

Nilipokuwa kijana nilikaa katika kijiji kimoja cha milimani. Jina lake sitalitaja. Maji ya chemchemi yaliletwa kwa bomba kutoka juu, kwa mteremko tu, bila mashine, mpaka kwenye robine nne. Siku ya kuzifungua watu waliimba. Kila nyumba iliahidi kutoa pesa kidogo kila mwezi. Mwaka wa kwanza walitoa. Mwaka wa pili wengi walisema: "Maji ni ya Mungu, kwa nini tulipe?" Robine moja ikaharibika. Kilichotakiwa kilikuwa kipande kidogo cha mpira, bei yake chini ya bei ya kipande cha sabuni. Hakuna aliyekinunua. Kisha mtu mmoja alikata bomba huko juu, apate maji karibu na shamba lake. Robine zote nne zikakauka.

Wasichana walirudi mtoni na madumu yao kila asubuhi kabla ya shule. Mvua zilipoanza, uchafu wa vijiji vya juu ulishuka mtoni. Kolera iliingia kijijini. Tulizika watu, na wadogo walikuwa miongoni mwao.

Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, chemchemi bado ipo. Twende ukaone." Tulipanda. Nikaona kwa macho yangu maji safi, baridi, yanatoka katika bomba lililokatwa na kumwagika majanini.

Ni kweli, maji ni ya Mungu. Lakini bomba si la Mungu. Bomba ni letu. Watu wa vijiji vya falaji huko Omani hawana mvua nyingi, hawana ziwa, nao hupata maji kutoka mfereji uliochimbwa na babu za babu zao, kwa sababu kila kizazi kilishuka gizani kuzibua matope. Sisi ambao mvua hutunyeshea, tusione uzito wa kununua kipande cha mpira.

Basi mtoto msomaji, ukiona chemchemi ya kijiji chako, usioge hapo juu wala usifungie mbuzi hapo. Ukiona robine inadondosha maji, mwambie mwalimu au mama yako leo, usingoje kesho. Na siku ya kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji au chemchemi, chukua jembe lako uende.

Maana ya maneno

Mteremko: mahali panaposhuka kidogo kidogo.
Korongo: njia ya maji iliyochimbika, mara nyingi kavu.
Zamu: wakati wa mtu kufanya au kupata kitu, mmoja baada ya mwingine.
Gharika: maji mengi yanayokuja kwa nguvu baada ya mvua.
Mnada: kuuza mbele ya watu, na atoaye bei kubwa hupata.
Ukame: wakati mrefu bila mvua.

Maswali

1. Maji yaliyo katika shimo la mchangani yametoka wapi?
2. Kwa nini wachimbaji wa falaji huanzia kijijini, si kwenye kisima mama?
3. Mashimo ya kushukia yana kazi gani? Taja tatu.
4. Mtu mwenye mafungu sita ya maji hupata saa ngapi?
5. Falaji hushuka mita 2 katika kila mita 1,000. Ikiwa urefu wake ni kilometa 4, hushuka mita ngapi?
6. Kwa nini maji ya kunywa hutekwa kabla ya maji ya kuoga?
7. Mashine moja iliwezaje kukausha mashamba ya watu wengi?
8. Kazi ya mikono: Chimbeni mfereji mdogo katika uwanja wa shule, mmimine maji. Mpeni mteremko mkali, kisha mteremko mdogo. Andikeni mlichokiona.
9. Waulize wazee wa kijiji chako: Chemchemi yetu iligunduliwa na nani, na nani huisafisha sasa? Andika majibu yao katika daftari lako.